Ruhusa ya Koplo Kande

Jumanne, 3 Juni 2025

Baridi ya kukata masikio. Mwanjelwa yote, hapa Mbeya, imevaa makoti. Nimefungua steshenari saa mbili na nusu badala ya saa moja, dada Esta kaninunia mpaka mchana. Steshenari ni yake, kununa ni haki yake. Mimi leo simnunii mtu. Mod imekwisha!

Miaka mitatu! Nani aliamini? Mimi tu, na Habibu kidogo.

Naandika ili watakaotafuta historia siku moja waikute. Handaki ni gemu la kompyuta la mwaka tisini na tisa. Unashika bunduki, unashuka chini ya ardhi, unaua mazimwi mpaka umeme ukatike. Vijana wa sasa wanalicheka. Sisi tuliolicheza kwenye vibanda, watu watano kwenye benchi la watu wawili, hatulisahau. Sasa mimi na Habibu tumelifungua gemu hilo na kulibadilisha, ndiyo maana ya mod, na kumwingiza ndani yake Koplo Kande, yule mgambo wa katuni za Mzee Sosthenes wa Iringa, zilizokuwa zikitoka gazetini enzi baba bado ananunua magazeti. Mgambo wetu kwenye handaki la mazimwi wa ng'ambo! Hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Koplo Kande analinda ghala la mahindi. Bunduki yake haina risasi, haijawahi kuwa nayo tangu akabidhiwe. Silaha yake ni filimbi. Kwenye mod yetu mchezaji anabonyeza kufyatua, Koplo anapuliza filimbi, mazimwi wanaacha kila kitu na kujipanga mstari ili wahesabiwe. Mimi nilitaka risasi. Habibu alikataa, akasema Koplo akiua siyo Koplo tena. Tulipiga kura, zikatoka sare, moja kwa moja. Akashinda yeye kwa sababu ndiye anayejua kufanya vitu vitembee.

Ndivyo tulivyogawana. Habibu ni fundi simu, kibanda chake kiko mlango wa tatu kutoka kwetu. Yeye anafanya kila kitu kitembee, kigeuke, kipulize, kianguke. Mimi natunga maneno na kuongoza. Kuongoza ni kazi ngumu, ila haionekani.

Jioni nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa Handaki, watu arobaini na mmoja. Tunaiachia Jumamosi ya tarehe 21! Pongezi zikamiminika. Halafu Liberatus wa Mbalizi, huyu anayetengeneza mod za mabasi na kujiona kama ndiye aliyebuni basi lenyewe, akauliza kama nina ruhusa ya Mzee Sosthenes.

Nikaandika kwamba ninayo, tena ya maandishi, tangu mwaka juzi.

Sina.

Jumatano, 4 Juni

Nijitetee kidogo. Siku ya kwanza kabisa Habibu alisema bila ruhusa ya mwenye kazi yeye hayumo. Nikasema niachie mimi. Nilikuwa na nia kabisa. Baada ya miezi akauliza imefikia wapi, nikasema tayari. Neno moja tu. Liliponitoka sikuhisi kitu. Tangu hapo kila alipokesha akirekebisha magoti ya Koplo, alikuwa anafanya hivyo juu ya neno lile.

Leo asubuhi kaja na chai yake mkononi. Anaomba ile barua aipige picha, aiweke mwanzoni mwa gemu, watu waone tumefuata utaratibu. Uso unang'aa. Nikasema imefungiwa kabatini na dada Esta kasafiri na funguo. Dada Esta alikuwa nyuma yangu akitoa fotokopi. Habibu akacheka, akadhani natania.

Mpango. Nachapa barua ya ruhusa yenye tarehe ya mwaka 2023. Kesho alfajiri napanda basi la Iringa. Mzee anasaini, narudi. Mzee wa miaka sabini na kitu hatakagua tarehe. Na wala si uongo. Ni ruhusa iliyochelewa kufika kwenye karatasi.

Mgeni haendi mikono mitupu. Nimechukua kilo tano za mchele wa Kyela kwenye stoo ya dada Esta. Nitamwambia baadaye.

Alhamisi, 5 Juni

Naandika ndani ya basi la kurudi, tunapita Mafinga.

Niliposhuka Iringa nikamwambia bodaboda anipeleke Kihesa kwa Mzee Sosthenes mchoraji. Akasema panda, ni pale kwenye msiba.

Nakiri hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Niliwaza kwamba marehemu hasaini barua, ni kweli, lakini marehemu hakanushi pia.

Turubai la bluu uani. Wanaume nje kwenye mabenchi, wanawake ndani kwenye mikeka. Mazishi yalishafanyika jana. Kila niliyempita alinisalimu kamwene, salamu ya huku, nami nikaitikia kamwene kwa sauti ya chini na kuwapa pole. Hakuna aliyetaja jina la aliyefariki. Ningeulizaje? Mtu katoka Mbeya na mchele mkononi, amekaribishwa, kakaa benchi la tatu, amgeukie jirani amuulize aliyekufa ni nani? Haiwezekani hata kidogo. Msibani ama unajua ama unanyamaza. Mchele ukapokelewa ukaingia jikoni. Nikaletewa chakula, nikala. Nikaletewa tena, nikala.

Saa tisa msemaji wa ukoo akasimama. Kabla watu hawajatawanyika, akasema, wageni wa mbali wajitambulishe na waseme neno. Wakasimama wa Makambako. Wakasimama wa Njombe. Kisha akauliza kama Mbeya yupo mtu, na mabenchi yote yakanigeukia.

Ningetaja jina nikakaa. Mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo. Lakini nilikuwa na barua ndani ya bahasha na mashahidi zaidi ya mia mbele yangu, na shetani ananijua kwa jina. Nikasema naitwa Isakwisa, natunga gemu la kompyuta la Koplo Kande. Nikasema marehemu mwenyewe alinipigia simu mwaka juzi akanipa baraka zote. Na kwa vile watu walikuwa wanasikiliza vizuri mno, nikatoa na maneno yenyewe: "Mwanangu, Koplo amekaa lindoni peke yake muda mrefu. Mpeleke akaone wenzake."

Kwenye kiti cha mbele akainuka mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, taratibu, akageuka mpaka tukatazamana. Akaniuliza kama kweli mke wake alisema hivyo.

Mke wake!

Mzee Sosthenes mzima, amesimama hatua nane kutoka kwangu. Aliyezikwa ni mkewe Benedicta, Mama Anjela. Na mimi nimemwekea maneno mdomoni mbele ya ukoo mzima.

Palikuwa na nafasi ya kusema samahani, nimekosea. Niliiona kabisa ile nafasi. Ilikuwa ndefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili. Nikasema ndiyo, mzee, ndivyo alivyosema.

Mzee akakaa akalia. Kilio cha sauti, mbele ya wanaume. Binti yake Anjela, mwalimu, akaja kumshika mabega, kisha akanieleza kando. Mwaka tisini na nne, siku ya hasira, mama yake aliwashia jiko michoro yote ya Koplo Kande. Mzee hakushika penseli tena. Na hilo jambo hawakulizungumza tena, miaka thelathini na moja. Wamelima shamba moja, wamekula meza moja, wamelala kitanda kimoja, na jambo lenyewe limekaa katikati yao. Sasa mzee anasikia kwamba mkewe alijuta, ila alishindwa kumwambia yeye, akamwambia mgeni wa Mbeya.

Barua alisaini. Hata tarehe hakuitazama. Akaandika na namba yake ya simu, kisha pembeni ya saini akachora Koplo mdogo, filimbi mdomoni. Mistari ilipinda lakini Koplo alikuwa yeye yule. Akaniambia ndiye wa kwanza tangu moto ule.

Ninayo ruhusa. Nimeipata. Mbona siifungui bahasha niitazame?

Ijumaa, 6 Juni

Nimeituma picha ya barua kwenye kundi. Liberatus kaandika "hongera" bila alama ya mshangao. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Dada Esta kauliza mchele uko wapi. Nikasema nimetoa rambirambi. Akauliza nani kafa. Nikajibu swali jingine.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Habibu kanialika kwao. Mama yake, Bi Mwanakhamisi, kanipakulia pilau mlima mzima, ananiita mwanangu Isa, ananiuliza lini naoa. Nyumba ile inanipenda kuliko ninavyostahili, sasa najua.

Baada ya kula Habibu kanitoa nje. Akasema amechukua namba ya mzee kwenye barua akampigia kumpa pole na kumshukuru. Mzee kaongea nusu saa. Kamwambia anachora tena! Kamsimulia na maneno ya marehemu, neno kwa neno, maana ameyaandika na kuyabandika ukutani.

Habibu akayarudia. Koplo amekaa lindoni peke yake muda mrefu. Mpeleke akaone wenzake.

Hayo ndiyo maneno ya mwanzo ya mod. Niliyatunga mimi mwezi wa pili. Habibu ndiye aliyeyaingiza, tukabishana juma zima kama iwe "lindoni" au "langoni". Akaniuliza kwa upole Mama Anjela wa Kihesa aliyasema vipi mwaka juzi.

Nikasema inawezekana watu wawili wakawaza kitu kimoja.

Habibu hakucheka. Nikabanwa, nikamwambia yote, mpaka habari ya mchele. Alinisikiliza akiangalia viatu vyake vipya vya sikukuu. Akasema ruhusa niliyoipata kwa kumsemea maiti si ruhusa. Nikamwambia lakini mzee anachora! Mzee anafurahi! Akasema mzee anamchorea mwanamke ambaye hakusema hivyo. Akasema nirudi Iringa nimwambie kwa mdomo wangu, kisha niombe ruhusa kama watu wanavyoomba. Akikataa, tumekosa. La sivyo yeye anachukua kazi yake.

Tulirudi ndani. Bi Mwanakhamisi akanifungia pilau ya kumpelekea dada Esta. Niliibeba kama mwizi.

Jumapili, 8 Juni

Nimeona aibu siku nzima. Naiandika hivyo hivyo. Aibu. Nilikwenda kanisani nikashindwa kuimba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mzee angekubali. Anjela alinidokeza pale pale msibani, kwamba baba yake miaka yote alikuwa akisema siku moja atatokea kijana wa kumuuliza habari za Koplo. Miaka yote alikuwa anamsubiri mtu wa kumuuliza tu. Na mimi nilikuwa na miaka mitatu na vocha ya simu.

Nitakwenda Jumamosi. Nitasema kweli. Sitapunguza, sitaongeza.

Jumamosi, 14 Juni

Kihesa tena. Turubai limeondolewa, ua unaonekana mkubwa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi: Mzee, nimekuja kuomba radhi. Jirani yangu kwenye basi alifikiri nasemeshana naye, akaniambia nimesamehewa.

Mzee akanipokea kwa mikono miwili. Kabla sijakaa akaniletea karatasi sita. Koplo Kande kashuka kwenye handaki letu na taa ya chemli. Koplo anawapigia mazimwi gwaride. Koplo anawagawia mazimwi makande kwenye sufuria, zimwi mmoja anaomba chumvi. Nilicheka mpaka machozi. Ni kazi nzuri kuliko za zamani. Mzee naye anacheka, meno matatu, mikono imejaa wino.

Nikasema, "Mzee, nimekuja..."

Akanikatiza. Anataka kujua Mama Anjela alisema kwa sauti gani.

Nikasema kwa sauti ya upole.

Akatikisa kichwa. "Huyo siye. Benedicta na upole wapi na wapi! Hata mbuzi wa jirani walikuwa wanamjua."

Jasho likanitoka, katika baridi ile. Hapa ndipo, nikajisemea. Mlango umefunguka wenyewe, pita. Nikafungua mdomo. Na mdomo wangu, ambao ningeukana mahakamani, ukasema kwamba alianza kwa upole kwa sababu ya ugeni, lakini mwishoni alifoka. Alifoka akasema mwambie huyo mzee amchoree Koplo mke, mwanaume gani analinda ghala miaka yote bila mtu wa kumletea chakula.

Mzee akapiga goti kwa kiganja. "Huyo sasa ndiye!" Akachukua penseli pale pale.

Nimekaa mpaka basi la saa nane, namwangalia akimchora mke wa Koplo. Kampa kanga, kampa mwiko, kampa macho makali. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha ya namna ile, na sijawahi kutamani hivi kuwa mahali pengine.

Jumapili, 15 Juni

Habibu alikuja kabla sijafungua mlango. Akauliza tu: umemwambia?

Nikasema nimemwambia, amesamehe.

Ningesema lolote jingine. Ningesema nimeshindwa. Habibu angekasirika siku mbili, tungerudi Iringa pamoja, yeye akaanza kusema na mimi nikamalizia. Nimeliwaza hilo mara mia tangu asubuhi. Lakini alikuwa ananitazama kwa matumaini, na mimi nikitazamwa hivyo siwezi.

Alinikumbatia! Akasema alijua tu, chini ya porojo zangu kuna mtu. Akatoa simu ampigie mzee amshukuru kwa moyo wake mkubwa. Nikasema asimsumbue mzee Jumapili. Simu ilikuwa inaita tayari, na Habibu, fundi, simu yake ina spika kama redio ya baa.

Mzee hakumpa nafasi hata ya salamu. Akasema yule mwenzako jana kaniletea maneno mengine ya mke wangu, kwamba Koplo aoe. Nimeshamchora! Nimechora mpaka saa nne, Anjela kaninyang'anya taa.

Habibu alifumba macho. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Nilidhani atasema. Alikuwa na haki ya kusema. Alisema, "Pole sana na msiba, mzee wangu. Endelea kuchora." Akakata.

Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Alikwenda kwenye kompyuta, akachomeka diski yake, akahamisha kazi yake faili baada ya faili, na zangu hakuzigusa. Ilichukua dakika arobaini. Nilimwomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu akasema ananisamehe, na kwamba hilo halibadilishi kitu, kwa sababu kuanzia leo hata nikimwambia mvua inanyesha itabidi atoke nje akaangalie.

Alipotoka dada Esta akaniletea chai bila kuulizwa. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Jumatano, 18 Juni

Nimepita mbele ya kibanda cha Habibu mara sita. Ananisalimu vizuri. Anasema habari za leo, kama anavyowaambia wateja. Miaka mitatu alikuwa akiniona anapiga meza na kupaza sauti, "Mkurugenzi!"

Nimemkosea mtu asiyekosewa. Nikikumbuka zile jioni, yeye akipuliza filimbi ya kweli kwenye simu ili tupate sauti, Bi Mwanakhamisi akitoka ndani akidhani mwizi kaingia, natoa fotokopi za watu kichwa chini. Mod ilikuwa kisingizio tu cha kukaa pale. Nimelijua leo.

Jumamosi, 21 Juni

Tarehe niliyotangaza. Watu arobaini wanasubiri. Ningeahirisha. Lakini Liberatus kaandika tangu alfajiri: "Leo ni leo?"

Nikaachia kilichobaki.

Kilichobaki ni maneno yangu, kuta na sura. Kutembea kulikuwa kwa Habibu. Kupuliza filimbi kulikuwa kwa Habibu. Hata kufa kulikuwa kwa Habibu. Kwa hiyo gemu linafunguka, maneno mazuri yanapita, kisha Koplo Kande anatokea katikati ya handaki kanyoosha mikono pande zote mbili, mkakamavu kama kamba ya nguo, na hasogei. Mazimwi nao wanakuja wakiteleza bila kuinua miguu, mikono nao wameinyoosha, wanamzunguka, wanasimama. Basi. Hakuna anayempiga mwenzake. Nimeacha kompyuta ikiwaka kutwa, na jioni bado walikuwa wamesimama vile vile.

Nilijaribu kuandika kwamba ni toleo la amani.

Walicheka kweli kweli. Mtu wa Tukuyu kaigeuza stika. Liberatus peke yake hakucheka. Aliandika kwamba alikuja kunicheka lakini amemwonea huruma Koplo. Hiyo iliniuma kuliko stika.

Saa kumi na mbili jioni kukatokea mstari mdogo wa kijivu: Habibu ametoka kwenye kundi.

Jumapili, 29 Juni

Anjela kanipigia simu baada ya misa. Sauti ya mwalimu, nikasimama wima mwenyewe bila kuambiwa.

Akasema misa ya arobaini ya mama ni tarehe 12 mwezi wa saba, na baba anaomba nisimame tena nirudie yale maneno mbele ya ukoo. Watakuwepo na wale ambao safari ile hawakuwahi. Akasema gemu limesambaa mpaka kwao, wameliona kwenye kompyuta ya shule. Baba kamtazama Koplo alivyonyoosha mikono, kasema Koplo anampokea mkewe. Karidhika nalo kabisa, anawaonyesha wageni.

Halafu nikasikia akifunga mlango. Akasema, "Kaka Isakwisa, mama hakuwahi kuwa na simu. Hata ya kuazima alikuwa haishiki, alisema inaunguza sikio."

Nikakaa chini, hilo nalo bila kuambiwa.

Akaendelea taratibu. Alijua tangu siku ile pale benchini. Alitaka kuniumbua, akamwona baba yake. Sasa mzee anaamka mapema, anakula, anachora, anazungumza na picha ya mama bila ugomvi. Kwa hiyo hataniumbua, na haniombi niungame, kwa sababu siku nzuri ya kuungama nimeshaipitisha mara mbili. Anachoniomba ni kimoja. Nije, nirudie maneno yale yale mawili matatu, nikae chini. "Usiongeze hata neno moja. Umenielewa?"

Nilimwambia nimemwelewa. Nimemwelewa kabisa. Ni msichana mwenye busara ya ajabu, amenipa zaidi ya ninachostahili, na nilipokata simu nililia kama mtoto. Nimeapa hapa mezani, dada Esta shahidi. Sitamwekea marehemu yule maneno mdomoni tena maishani.

Kisha nikakaa kuandaa hotuba, maana mtu hasimami mbele ya ukoo bila karatasi. Zimefika kurasa nne. Nitamwomba mzee amwalike na Habibu, ni muungwana, msibani hawezi kukataa, nitahakikisha anakaa benchi la mbele. Ukurasa wa tatu ndio mzito. Hapo ndipo Mama Anjela anapomtaja Habibu kwa jina, na kumsihi arudi.